Kuzunguka Chungu: Hesabu ya Watu Wanaoketi Duara

Wazee wanne wakiketi kwenye benchi moja mjini Kitale kungoja matatu ya Bungoma, wanaweza kupangana kwa njia 24. Wazee hao hao wakifika Bungoma wakakizunguka chungu cha busaa, njia zinapungua zikabaki 6. Hakuna aliyeondoka wala aliyeongezeka. Kilichobadilika ni umbo la kikao: benchi lina mwanzo na mwisho, duara halina.

Hesabu ya namna vitu vinavyoweza kupangwa huitwa permutesheni, na wanafunzi wa kidato cha tano na cha sita nchini Uganda na Tanzania hukutana nayo darasani. Sehemu ya duara ndiyo huwatatiza wengi, kwa sababu hukariri kanuni moja kisha wakaitumia hata pale isipofaa. Kanuni yenyewe ni fupi mno. Kazi iko kabla ya kanuni, katika kuamua ni mipangilio ipi itakayohesabiwa kuwa ni mmoja, na uamuzi huo hauko kitabuni. Hutokana na jambo lenyewe linalopangwa.

Benchi halina ugumu. Nafasi ya kwanza inaweza kukaliwa na yeyote kati ya wanne. Akishakaa, nafasi ya pili inabaki na watu watatu wa kuigombea, ya tatu wawili, na ya mwisho humwangukia aliyebaki. Njia zote ni 4 × 3 × 2 × 1, yaani 24. Zao la namna hii huitwa faktoria, na huandikwa kwa alama ya mshangao: 4! = 24. Alama hiyo ilianza kutumiwa na mwanahisabati Mfaransa Christian Kramp mwaka 1808, lakini hesabu yenyewe ni ya kale zaidi. Bhaskara wa India aliieleza katika kitabu chake Lilavati, karibu mwaka 1150. Mshangao unastahili, maana faktoria hukua kwa kasi isiyotarajiwa. 5! ni 120, 8! ni 40,320, na 10! imeshafika 3,628,800.

Sasa chungu. Busaa hutengenezwa kwa unga wa mahindi uliochachushwa na kukaangwa, kisha ukachanganywa na kimea cha wimbi. Katika unywaji wa jadi wa Wabukusu na jirani zao wa magharibi mwa Kenya, chungu huwekwa katikati, maji moto huongezwa humo kadiri pombe inavyopungua, na kila mzee hunywa kwa mrija wake mrefu wenye kichujio kwenye ncha, kisichopitisha machicha. Mrija hufika chunguni kutoka kwenye kigoda kilicho mbali kidogo, na kwa kuwa kila mmoja anataka kukifikia chungu kwa urahisi ule ule, duara hujiunda lenyewe.

Tuseme walioketi ni Wafula, Simiyu, Barasa na Wekesa. Kulia kwa Wafula yuko Simiyu, anafuata Barasa, kisha Wekesa, halafu duara linarudi kwa Wafula. Wote wakisimama, kila mmoja akasogea kigoda kimoja kulia, je, mpangilio umebadilika? Simiyu bado yuko kulia kwa Wafula. Wekesa bado yuko kushoto kwake. Barasa bado anamtazama Wafula ng'ambo ya chungu. Kwa mnywaji, mambo ni yale yale: jirani hawakubadilika, na chungu kinafanana pande zote. Basi mpangilio huo ni ule ule wa awali, na ukizungushwa mara mbili au tatu bado ni ule ule.

Hapa ndipo 24 inapogeuka 6. Duara moja la watu wanne linaweza kukatwa mahali pane na kunyooshwa kuwa safu: Wafula akitangulia, au Simiyu, au Barasa, au Wekesa. Safu nne za benchi zinatoka kwenye duara moja. Kwa hiyo safu 24 zikigawanywa kwa 4 zinatoa maduara 6. Kwa watu wowote, idadi yao ikiwa n, safu ni n! na kila duara huzaa safu n, hivyo maduara ni n! ÷ n, ambayo ni sawa na (n − 1)!. Watu watano hupata njia 24, wanane njia 5,040.

Iko njia nyingine ya kufika hapo hapo, na walimu wengi huipenda zaidi kwa kuwa haihitaji kugawanya. Mtu mmoja, yeyote yule, aketi kwanza popote. Kigoda chake hakina maana yoyote, kwa sababu viti vyote vya duara ni sawa kabla hajaketi. Akishaketi, duara limepata mwanzo: kuna kigoda cha kulia kwake, kinachofuata, na kuendelea. Waliobaki wanapangwa kama kwenye benchi. Wafula akishatulia, Simiyu, Barasa na Wekesa wana njia 3!, yaani 6, na zinaweza kuandikwa zote kwenye mstari mmoja kuanzia kulia kwa Wafula: Simiyu-Barasa-Wekesa, Simiyu-Wekesa-Barasa, Barasa-Simiyu-Wekesa, Barasa-Wekesa-Simiyu, Wekesa-Simiyu-Barasa, Wekesa-Barasa-Simiyu. Hakuna ya saba. Anayesita kuiamini kanuni afanye hivyo kwa watu watatu au wanne, kwa kalamu. Ni dakika chache, na huondoa shaka kuliko maelezo ya kurasa kadhaa.

Ukubwa wa namba hizi haueleweki mpaka upimwe kwa muda. Wazee 15 wakiamua kujaribu kila mpangilio wa duara kwa sekunde moja moja bila kupumzika, wangehitaji zaidi ya miaka 2,700. Wakiwa 18 wangehitaji takribani miaka milioni 11. Akiongezwa mzee mmoja tu, wakawa 19, kazi inapita miaka milioni 200, wakati Mlima Elgon, volkano iliyozimika inayoonekana kutoka Kitale na Bungoma, unakadiriwa kuwa na umri wa miaka milioni 24 hivi.

Kanuni ya (n − 1)! inasimama juu ya sharti moja: viti vyote viwe sawa. Sharti hilo huvunjika mara nyingi kuliko vitabu vinavyokiri. Kigoda kimoja kikiwa chini ya kivuli cha mti na vingine juani, kuzungusha duara kunambadilishia mtu hali yake, na wazee wanne wanarudi kwenye njia 24. Meza ya duara katika ofisi ya kaunti ambayo kiti kimoja kina mgongo mrefu kwa ajili ya mwenyekiti ni hivyo hivyo: watu wanane wanaoweza kukalia kiti chochote wana njia 40,320, si 5,040. Iwapo mwenyekiti ameshajulikana na hahami, saba waliobaki wanapangwa kwa njia 7!, na jibu linarudi kuwa 5,040. Namba ni ile ile, ila imefikiwa kwa sababu nyingine.

Meza ya mraba nayo ina hila yake. Watu wanane, wawili kila upande, wanaonekana kama duara lililobanwa pembe. Lakini kusogea kiti kimoja kunampeleka aliyekuwa kushoto mwa upande wake kwenye kiti cha kulia, au kumvusha pembe. Meza inarudi kufanana na ilivyokuwa tu inapozungushwa robo nzima. Hali zinazohesabiwa kuwa moja ni 4, si 8, na jibu ni 8! ÷ 4 = 10,080. Meza ndefu ya mstatili, ya watu watatu kila ubavu na mmoja kila kichwa, hufanana na yenyewe ikizungushwa nusu tu: 8! ÷ 2 = 20,160.

Chama cha akina mama ni mtego mwingine. Wanawake wanane wanachanga kila mwezi, na kila mwezi mmoja anapokea fungu lote. Huitwa mzunguko, na wengi wangerukia 7!. Lakini anayepokea mwezi wa kwanza anapata mtaji wa kununua mbolea kabla ya mvua za Machi, na wa mwisho anangoja miezi saba akiwa anatoa tu. Mwanzo upo na una uzito, na ndiyo maana zamu hupigiwa kura. Huo ni mstari wa njia 40,320, hata kama jina lake ni mzunguko. Ungekuwa duara la kweli kama chama kingezunguka miaka na mikaka bila yeyote kujali raundi ya kwanza ilianzia kwa nani.

Duara la kweli la namna hiyo, lisilo na mwanzo, lipo Bungoma na Trans Nzoia, na ni la zamani. Wabukusu wana marika manane ya tohara: Kolongolo, Kikwameti, Kananachi, Kinyikeu, Nyange, Maina, Chuma na Sawa. Tohara hufanywa katika miaka inayogawanyika kwa mbili, kwa kawaida mwezi wa Agosti. Rika moja huchukua miaka kumi na kitu, na baada ya Sawa jina la Kolongolo hurudi tena, hivi kwamba jina moja huchukua takribani karne kumaliza mzunguko. Majina manane yanaweza kupangwa kwa duara kwa njia 5,040, na jamii nzima inashika moja tu kati ya hizo. Anayeanza kuhesabu kwa Maina na anayeanza kwa Kolongolo wanasema jambo lile lile, kwa sababu wanapita njia moja kutoka sehemu tofauti. Anayeyataja kinyumenyume, hata hivyo, ametoka nje ya mpangilio: amewatanguliza wadogo mbele ya wakubwa. Duara la marika linaweza kuzungushwa lakini haliwezi kugeuzwa.

Kugeuza ni suala la pili, tofauti na kuzungusha. Wanywaji wa busaa wanaotofautisha jirani wa kulia na wa kushoto wanaona duara lililogeuzwa kuwa ni duara jingine. Shanga hazitofautishi. Mkufu wa shanga saba za rangi saba, kama zinazovaliwa na Wapokoti na Waturkana kaskazini mwa Kitale, unaweza kuzungushwa shingoni na pia kupinduliwa, ule upande uliogusa ngozi ukatazama nje. Ukipinduliwa, mfuatano wa rangi unasomeka kinyume, na bado ni mkufu ule ule. Mipangilio ya duara 6! = 720 inaungana miwili miwili, na mikufu tofauti inabaki 360. Mkufu ukiwa na kishikizo cha kufungia nyuma ya shingo, mwanzo umerudi: hauzunguki tena kwa maana ya hesabu, unapinduka tu. Mikufu ya namna hiyo ni 7! ÷ 2 = 2,520. Kipande kidogo cha chuma kimeizidisha hesabu mara saba.

Njia za magari huhesabiwa kama mkufu. Msambazaji wa bidhaa anayetoka Kitale akapitia Kiminini, Kimilili, Chwele, Bungoma na Webuye, kila mji mara moja, kisha akarudi Kitale, ana miji sita kwenye duara. Mizunguko ni 5! = 120, na kwa kuwa kilomita ni zile zile akianza na Kiminini au akianza na Webuye kwa njia hiyo hiyo ya nyuma-mbele, mizunguko yenye urefu wa kulinganishwa ni 60. Kwa miji kumi ingekuwa 181,440. Permutesheni inamwambia ni mizunguko mingapi ya kupimwa. Haimwambii upi mfupi. Tena, dereva mwenyewe huenda asikubali 60. Kitale iko takribani mita 1,900 juu ya usawa wa bahari na Bungoma takribani mita 1,400. Kupanda kumo katika mzunguko wowote, lakini kupanda na mzigo mzima na kupanda na gari nusu tupu ni tofauti kwenye dizeli. Anayehesabu mafuta, basi, anarudisha mwelekeo mezani na mizunguko yake ni 120. Anayehesabu kilomita anabaki na 60. Wote wawili wako sahihi.

Maswali ya mtihani kwa kawaida huongeza masharti ya nani aketi karibu na nani. La kwanza ni la watu wanaotaka kuwa pamoja. Katika duara la watu wanane, wawili wasiotengana hufungwa kama mtu mmoja; wanabaki "watu" saba, wanaopangwa kwa njia 6! = 720, na wawili hao wanaweza kubadilishana kulia na kushoto, hivyo jibu ni 1,440. Wawili wasiotaka kukaribiana, labda mtu na mama mkwe wake, ambao mila ya Kibukusu hudai waheshimiane kwa kukaa mbali, wanapata njia zilizobaki: 5,040 − 1,440 = 3,600. Kutokana na hapo inajulikana pia kwamba kundi la watu wanane likiketi duara bila mpango, nafasi ya wawili fulani kuketi karibu ni 2 katika 7. Kwenye benchi ingekuwa 1 katika 4. Duara huwakaribianisha watu zaidi, kwa kuwa hakuna wa pembeni mwenye jirani mmoja tu.

Kikao cha mahari huonyesha masharti ya makundi. Wajumbe watano wa upande wa bwana harusi na watano wa upande wa bibi harusi wana njia 9! = 362,880 wakijiketia ovyo. Wakifuata desturi, kila upande ukae pamoja, kila kundi linajipanga lenyewe kwa njia 5!, na jibu ni 120 × 120 = 14,400. Mshereheshaji akitaka wachanganyike mmoja mmoja kwa zamu, upande wa kwanza unaketi kwa njia 4! ukiacha nafasi katikati, na upande wa pili unajaza nafasi hizo tano kwa njia 5!: 24 × 120 = 2,880. Hapa ndipo makosa mengi hufanyika, kwa mtu kuandika 4! × 4!. Kundi la kwanza likishaketi, duara limeshapata mwanzo wake. Nafasi tano zilizo wazi hazifanani tena, kwa hiyo kundi la pili hupangwa kama kwenye benchi. Kanuni ya duara hutumika mara moja tu katika swali moja.

Makundi yakiwa na idadi zisizolingana, hesabu inanoga. Kaunti ya Bungoma ina maeneo bunge 9 na Trans Nzoia ina 5: Kwanza, Endebess, Saboti, Kiminini na Cherangany. Tuseme mjumbe mmoja kutoka kila eneo bunge anahudhuria kikao cha pamoja kwenye meza ya duara yenye viti 14. Bila sharti, njia ni 13!, yaani 6,227,020,800. Wa Trans Nzoia wakiketi pamoja wote, njia ni 9! × 5! = 43,545,600, mpangilio 1 katika kila 143. Ikitakiwa wajumbe wa Trans Nzoia wasikae wawili pamoja popote, wa Bungoma huketi kwanza kwa njia 8! = 40,320. Kati yao zinapatikana nafasi tisa. Mjumbe wa kwanza wa Trans Nzoia anachagua kati ya 9, wa pili 8, kisha 7, 6 na 5, jumla 15,120. Zao la namba hizo mbili ni 609,638,400, karibu mpangilio mmoja katika kila kumi. Sharti likigeuzwa, kwamba wa Bungoma ndio wasikaribiane, jibu ni sifuri: watu tisa hawaenei kwenye nafasi tano.

Vyote vilivyohesabiwa hadi sasa vilikuwa na majina au rangi tofauti. Vitu vinavyofanana vikiingia, kugawanya hakutoshi, na wengi hulitambua hilo jibu linapotoka na desimali. Shanga tatu nyekundu na tatu nyeupe zinaweza kupangwa kwenye mstari kwa njia 20. Kwenye duara la nafasi sita, 20 ÷ 6 haileti namba kamili, ishara kwamba baadhi ya maduara hayatoi safu sita. Mpangilio wa nyekundu na nyeupe kwa kupokezana ndio mkosaji: ukizungushwa nafasi mbili umesharudi ulivyokuwa, kwa hiyo unatoa safu mbili tu. Maduara halisi ni manne. Nyekundu zote pamoja. Nyekundu mbili pamoja na ya tatu peke yake, kwa namna mbili zinazotazamana kama kwenye kioo. Na ule wa kupokezana. Safu zake ni 6 + 6 + 6 + 2 = 20, hesabu imekamilika. Kwa shanga nyingi zaidi hutumika mbinu ijulikanayo kwa jina la Burnside, Mwingereza, ingawa Cauchy na Frobenius waliifahamu kabla yake: huhesabiwa mipangilio isiyobadilika katika kila mzunguko mmoja mmoja, kisha hutafutwa wastani. Kwa shanga sita wastani huo ni (20 + 2 + 2 + 0 + 0 + 0) ÷ 6, yaani 4.

Swali gumu kuliko hayo lilitolewa na Mfaransa Édouard Lucas mwaka 1891. Mke na mume kadhaa wanaketi duara, wanaume na wanawake kwa kupokezana, na hakuna anayeketi karibu na mwenzi wake. Kwa jozi tatu njia ni 2 pekee. Wake wakishaketi, kila pengo kati ya wawili lina mume mmoja tu anayefaa, yule wa mke wa tatu. Kwa jozi nne njia ni 12, kwa tano 312, kwa sita 9,600. Hakuna mtiririko wa wazi katika namba hizo, na kanuni ya jumla ilitolewa na Jacques Touchard mwaka 1934. Ikilinganishwa na zile njia 2,880 za kupokezana kwa watu watano na watano, sharti la mwenzi limeondoa karibu tisa katika kila kumi.

Lipo pia swali linaloacha idadi ya njia na kuuliza kama njia ipo. Watu saba wanataka kukutana mara chache iwezekanavyo hadi kila mmoja awe ameketi karibu na kila mwingine. Kila mmoja ana wenzake sita, na kila kikao humpa jirani wawili, kwa hiyo vikao vitatu ndivyo vya chini kabisa. Vinatosha. Wakipewa namba, kikao cha kwanza wanaketi 1-2-3-4-5-6-7, cha pili wanarukwa mmoja mmoja, 1-3-5-7-2-4-6, na cha tatu wawili wawili, 1-4-7-3-6-2-5. Hakuna jozi inayojirudia. Kwa idadi yoyote ya witiri inawezekana pia. Watu wanane hawawezi kumaliza bila kurudia, kwa sababu kila mmoja ana wenzake saba, na saba haigawanyiki kwa mbili.

Mwaka 1967 Gerhard Ringel, akiwa Oberwolfach, Ujerumani, ambako wanahisabati hukutana na kula pamoja kwenye meza za duara, aliuliza itakuwaje meza zikiwa zaidi ya moja na za ukubwa tofauti. Jibu kwa makundi makubwa sana lilichapishwa mwaka 2021, na bado halijakamilika kwa idadi zote. Wajumbe 9 wa Bungoma wanalionyesha swali hilo vizuri. Kwenye meza moja ya viti tisa, vikao 4 vinatosha. Kwenye meza tatu za watu watatu pia vinatosha: Kanduyi, Bumula na Kabuchai huandikwa mstari wa kwanza, Sirisia, Kimilili na Mlima Elgon wa pili, Tongaren, Webuye Mashariki na Webuye Magharibi wa tatu. Kikao cha kwanza ni mistari hiyo, cha pili ni safu za wima. Cha tatu kinakwenda kwa mshazari: Kanduyi na Kimilili na Webuye Magharibi, Bumula na Mlima Elgon na Tongaren, Kabuchai na Sirisia na Webuye Mashariki. Cha nne ni mshazari wa upande wa pili: Kanduyi na Mlima Elgon na Webuye Mashariki; Bumula na Sirisia na Webuye Magharibi; Kabuchai na Kimilili na Tongaren. Meza ya watatu na ya sita nayo inawezekana. Wakigawanywa meza ya wanne na meza ya watano, haiwezekani kwa namna yoyote.